Mwamba Mlangoni kwa Zadok

Watu wa Mwanza tuna tabia ya kuwaambia wageni kwamba mji wetu umejengwa juu ya mawe. Mgeni huitikia kwa kichwa, akapiga picha, akaondoka ameridhika. Lakini anayeishi huku milimani anajua kwamba mji umejengwa katikati ya mawe, chini ya mawe, na mara nyingine kwa hisani ya mawe. Liko jiwe kubwa kuliko nyumba ya ibada lililoegemea kijiwe kisichozidi gunia la mkaa, na chini yake mtu amelala usingizi wake na watoto wake. Ukimuuliza kama haogopi, atakujibu kwamba babu yake alilikuta hapo hapo.

Katika mji wa namna hiyo fundi wa mawe si mtu wa kuchezea. Na kati ya mafundi wote waliowahi kupanda milima hii na nyundo begani, hakuwapo wa kumfananisha na Zadok Agutu. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Asiyekubali apande ngazi za mlimani Nyegezi asubuhi moja, zile alizozipanga Zadok wakati wengi wetu bado tunavaa kaptula za shule, kisha aniambie kama ameona hata jiwe moja linalocheza chini ya mguu wake.

Zadok alifariki Jumanne, kwa kifua kilichomsumbua miaka na miaka. Vumbi la mawe halisamehe. Gladness Masalu, mwanamke aliyefundishwa kazi na Zadok tangu hajui tindo ni kitu gani, alipigiwa simu akiwa kazini anatoboa jiwe dogo kwenye kiwanja cha mtu. Aliweka nyundo chini akakaa. Kisha akainuka akalimalizia tundu alilokuwa amelianza, kwa sababu Zadok hakuwahi kuacha tundu nusu. Machozi hayakumtoka siku ile, wala siku ya pili. Majirani walimtazama wakanong'ona, maana kila mtu alijua mzee yule alikuwa kwake zaidi ya bosi. Yeye mwenyewe alijishangaa.

Siku ya tatu ndipo tatizo lilipojitokeza.

Zadok alikuwa Mjaluo wa Rorya, mtoto wa wavuvi wa kule mpakani, lakini maisha yake yote ya utu uzima aliyamalizia Mwanza. Alikuwa amemwambia mkewe, Mama Favour, tena mbele ya mashahidi, kwamba akifa asipelekwe popote. Kaka yake mkubwa, Mzee Okeyo, alipofika kutoka Rorya na gari la ukoo, wengi walidhani patakuwa na ugomvi. Haukuwapo. Mzee Okeyo alisikiliza mpaka mwisho, akakubali, akaweka sharti moja tu.

"Mimi sikatai azikwe huku," alisema. "Nyumba ameijenga mwenyewe, mke yumo, watoto wamezaliwa humu. Hapa ni kwake. Lakini kwetu mwenye nyumba huzikwa kuume kwa mlango wa nyumba yake. Siwezi kumlaza ndugu yangu nyuma ya choo kama mpita njia."

Vijana wa mtaa wakapewa sururu na machepe, wakaanza kuchimba kuume kwa mlango. Udongo ulikuwa mwepesi, wakaimba, wakataniana. Walipofika usawa wa magoti, sururu ya kwanza ikaruka juu na cheche. Wakahamia kulia kidogo, cheche. Kushoto, cheche. Wakafagia udongo wakakuta mwamba umelala pale, mpana, wa kijivu, umetanda shimo zima na kuingia chini ya ukuta wa nyumba. Ikawa kichekesho ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka. Mtu aliyewaondolea watu mawe maisha yake yote alikuwa ameliacha la kwake mlangoni.

Mzee Okeyo alishuka shimoni, akalipigapiga lile jiwe kwa fimbo, akapanda juu taratibu.

"Maziko ni kesho alasiri," alisema. "Kama hapajachimbika mpaka wakati wa ibada, gari lipo. Tutaondoka naye Rorya, na hakuna atakayesema sikujaribu."

Kisha akaagiza mgomba. Waliokuwa hawajui mila waliuliza wa nini, wakaambiwa. Kaburi likishaanzwa haliachwi tupu. Ukiliacha wazi litatafuta mtu wa kulijaza, kwa hiyo anazikwa mgomba badala ya mtu, ndipo ardhi inatulia. Bodaboda mmoja akaenda bondeni akarudi na mgomba umefungwa nyuma ya pikipiki, ukalazwa kando ya shimo. Mama Favour alipotoka nje akauona, akakaa chini pale pale. Tangu asubuhi alikuwa amejikaza. Mgomba ule ndio uliomwangusha.

Ndipo akamwita Gladness.

Alikuja asubuhi yake mapema na fundi mwenzake, Kija, wamebeba matindo, nyundo na mfuko wa kabari za chuma. Akamwamkia Mzee Okeyo shikamoo akaitikiwa marahaba, akawapa wafiwa pole, akashuka shimoni. Alipiga magoti akaufuta mwamba udongo kwa kiganja. Aliujua. Wakati nyumba hii inajengwa, yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya kunyooshea msingi, na Zadok aliusimamisha ule msingi wa mbele juu ya mwamba huu huu. Kwa hiyo hatari zilikuwa mbili. Mwamba ukikataa kupasuka, Zadok anakwenda Rorya. Ukipasuka vibaya, ufa utapita chini ya ukuta, na mjane atamaliza maziko akute nyumba imemgawanyikia.

"Tuuchome moto wa matairi mpaka upasuke," Kija alisema kwa sauti ya chini.

"Ukuta utapasuka kabla ya jiwe. Na huwezi kuwasha matairi mahali anapolala mtu."

"Basi itakuwa kabari."

"Itakuwa kabari."

Kija akaguna. Kabari zinahitaji sikio, na sikio lililokuwa likisikiliza lilikuwa ndani sebuleni, kwenye jeneza, chini ya kitambaa cheupe. Gladness hakuhitaji kuambiwa. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna tangu simu ya Mama Favour. Miaka yote hiyo hakuwahi kupasua mwamba wa maana bila Zadok kuwa karibu akisikiliza. Watu walimwita fundi, naye akaitika. Lakini ndani ya moyo hakujua kama ufundi ule ni wake, au alikuwa mkono tu wa mtu mwingine.

Alipokutana na Zadok mara ya kwanza alikuwa msichana aliyevuka kutoka Sengerema, kwa kivuko cha Kamanga, na mfuko mmoja wa nguo. Alikaa pembeni mwa barabara Nyegezi pamoja na wanawake wengine, akigonga kokoto za kuuza. Siku moja mwanamume mrefu mwenye kofia iliyochakaa akasimama nyuma yake. Alidhani ni mteja. Lakini yule mtu hakuangalia kokoto. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Lile kwa nini umeliacha?" akauliza, akionyesha jiwe moja lililosukumwa pembeni.

"Limekataa."

"Limekwambia?"

Gladness alidhani anatukanwa. "Ukiligonga linanyamaza," akajibu kwa hasira. "Mengine yanaitika. Lile linanyamaza. Nitaumiza mkono bure."

Yule mtu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kesho njoo kazini kwangu, kule mlimani. Hiyo nyundo iache nyumbani."

Kwa miezi kadhaa Zadok hakumpa hata tindo. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi juu ya miamba, shavu limegusa jiwe, huku Zadok akigonga huku na huku na kumuuliza sauti imefia wapi. Akikosea, anarudia. Akipatia, haambiwi kitu, anahamishiwa mwamba mwingine. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema Mjaluo ameajiri mtu wa kulala. Gladness alirudi nyumbani jioni na alama za jiwe shavuni, akaapa kila siku kwamba kesho harudi.

Akarudi kila siku, na siku ya jiwe la Chenge ndipo alipoacha kuapa.

Chenge alikuwa na kiwanja kizuri kinachoona ziwa, kasoro yake ni kwamba juu yake kulikaa jiwe kubwa kupita nyumba aliyotaka kujenga. Mafundi watatu walikuwa wamekuja, wakatazama, wakakumbuka wana shughuli nyingine. Zadok alikuja akalizunguka. Akaweka mkono hapa, akaweka pale, akakaa kivulini, akainuka akalizunguka tena. Saa sita ilipofika Chenge uvumilivu ulimwishia.

"Fundi, nimekuita upasue. Hukuja kuchumbia."

"Vyote vinaanza na salamu," Zadok akamjibu, akaendelea kuzunguka.

Mwishoni alichora mstari kwa mkaa. Wakatoboa matundu kwa siku kadhaa, wakapanga kabari ndani yake, na Zadok akaanza kuzigonga moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, kwa zamu, kama mtu anayegawa chakula na hataki kumpendelea yeyote. Alizunguka hivyo mara kadhaa. Kisha akafanya jambo ambalo Gladness hakulitegemea. Aliweka nyundo chini, akavua kofia, akawaambia watu wote wanyamaze.

"Mwamba ukishaambiwa, uache ufikiri," alisema.

Wakanyamaza. Chenge naye akanyamaza, na Chenge hakuwa mtu wa kunyamaza. Gladness alikuwa amelala na shavu lake juu ya jiwe. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Halafu kutoka ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mlango wala dirisha, akasikia sauti ndogo, kama punje za mchele zinazomwagika kwenye ungo nyumba ya tatu. Akamtazama Zadok, na Zadok, aliyekuwa amesimama hatua kadhaa mbali bila kugusa chochote, alikuwa amefumba macho anaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaisikia vilevile.

Kisha jiwe likafunguka. Halikulipuka wala halikurusha hata kibanzi. Lilifunguka juu ya mstari wa mkaa, kutoka juu mpaka chini, likaacha nafasi ya kupitisha kiganja. "Limekubali," Zadok akasema. Mtu mmoja akasema jina la Yesu, mwingine akakaa chini bila kuambiwa. Zadok akamvuta Gladness mkono mpaka kwenye ule ufa.

"Tazama humo ndani," akamwambia. "Hapo hapajaonwa na jicho la mtu tangu Mungu alipopafunga. Wewe ndiye wa kwanza."

Ndani kulikuwa na rangi ambayo nje ya jiwe haikuwa nayo, nyekundu ya mbali iliyochanganyika na vimulimuli, safi kama kitu kilichooshwa sasa hivi. Gladness aliinamia ule ufa. Alikuwa amekwenda kanisani tangu utoto na alikuwa amesikia mahubiri mengi mazuri, lakini hakuwahi kujisikia hivyo. Na kilichomshangaza zaidi, hata baadaye alipozoea kazi, ni kwamba Zadok hakuzoea. Kila mwamba, hata wa mwisho, alivua kofia. Kila mwamba, nafasi ya kutazama kwanza aliitoa kwa mtu mwingine.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, mgumu wa kuelewa utani wa wengine ingawa wa kwake aliupenda, na kwa habari ya mpira alikuwa hafai kabisa. Alikuwa pia na adhabu moja mbaya kuliko matusi. Fundi akilipua kazi, Zadok hakusema neno. Alivua shati, akaibomoa ile kazi mwenyewe, akaanza kuipanga upya mbele ya mwenye kosa, jiwe kwa jiwe, bila kumtazama. Wanaume wazima walimsihi. "Mzee, afadhali unitukane." Hakutukana. Aliwaacha wasimame hapo mpaka jiwe la mwisho, kisha akawaambia chakula kiko tayari.

Kifua kilipomzidi akashindwa kupanda milima. Hapo ndipo alipomkabidhi Gladness nyundo kubwa mbele ya mafundi wote, hata wale waliokuwa wakicheka zamani. Lakini hakukaa nyumbani. Aliletwa kwa bajaji mpaka chini ya mlima, akakaa kwenye kigoda, anakohoa. Siku moja Gladness yuko juu anagonga, hata kofia ya mzee haionekani vizuri kutoka kule, akasikia sauti inapanda kutoka chini: "Ya tatu inakudanganya." Akaiangalia kabari ya tatu. Ilikuwa imekaa upande, inaonekana inabana kumbe haibani. Kija alijishika kichwa. Hata leo ukimuuliza habari hiyo hupunguza sauti kwanza ndipo akusimulie.

Sasa Zadok alikuwa sebuleni, na sauti hiyo haikuwepo tena.

Gladness alichora mstari wake, sambamba na ukuta wa nyumba, umbali wa jeneza na nafasi ya mkono wa mtu, ili kipande cha nje kikishakatika king'olewe bila kuugusa msingi. Alipoweka tindo la kwanza, Mzee Okeyo akaja akasimama ukingoni.

"Mwanangu, kazi yako naiheshimu," alisema, na ilionekana kweli anaiheshimu. "Lakini kwetu mwanamke haingii kaburini. Huyu kijana mwenzako amalizie."

Kija akatazama chini. Alikuwa na mikono mizuri, Kija, lakini masikio hana, naye alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Mama Favour alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, kati ya wanawake wenzake. Hakuinuka. "Shemeji," alisema, "hapo hajaingia kaburini. Hapo ni jiwe tu. Likishakuwa kaburi atatoka."

Mzee Okeyo alimwitikia mjane wa ndugu yake kwa kichwa. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa pale pale ukingoni, fimbo katikati ya magoti, akatazama.

Wakatoboa asubuhi yote, Gladness na Kija kwa kupokezana, mmoja akishika tindo na mwingine akipiga. Juu yao msiba uliendelea kama kawaida. Turubai lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Wanakwaya waliimba, wakipumzika spika inapokea na nyimbo nyingine, jenereta linanguruma, masufuria ya ugali yanagongana, na kila kundi jipya la waombolezaji likifika kutoka chini linapanda likilia kwa sauti, maana Mjaluo hulilwa ipasavyo. Wengi walikuwa watu ambao Zadok aliwapasulia mwamba wakapata mahali pa kuweka kitanda. Mama mmoja alikuja akiwa ameshika kipande cha jiwe la uani kwake, akakiweka mlangoni bila kueleza.

Mchana ulipogeuka, kabari zote zilikuwa ndani ya matundu. Mchungaji alikwishafika. Dereva wa gari la ukoo alikuwa anaangalia upepo wa matairi, si kwa ubaya, ni kazi yake. Gladness akazigonga kabari mzunguko wa kwanza, kisha wa pili, kidogo kidogo, kwa zamu. Akalala akaweka shavu juu ya mwamba.

Akasikia jenereta. Akasikia miguu ya watu, spika, masufuria, kilio, pikipiki zikipanda mlima. Vyote vilikuwa ndani ya jiwe, vimejaa tele. Kama mwamba ulikuwa unasema neno, hakukuwa na namna ya kulipata. Kugonga zaidi bila kusikia ni kubahatisha, na ukuta wa Mama Favour ulikuwa pale, karibu hata angeweza kuugusa kwa kunyoosha mkono.

Akapanda kutoka shimoni, vumbi limemtanda usoni kama unga, akamwendea Nestory, kijana aliyekuwa ameshika kipaza sauti cha msiba.

"Zima kila kitu," akamwambia. "Waambie watu wanyamaze."

Nestory akadhani hakusikia vizuri. "Dada, wanyamaze wote? Kwenye msiba?"

"Wote. Na waliao."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka lijibu."

Nestory alimtafuta Mzee Okeyo kwa macho, kama mtu anayetafuta pa kukimbilia. Kumwambia mfiwa anyamaze si jambo dogo. Kwa Wajaluo ni kama kumnyang'anya marehemu haki yake. Mzee Okeyo alisimama kwa kuegemea fimbo, na Gladness akajua kwamba neno litakalotoka hapo ndilo litakaloamua mambo yote. Mzee alisema kwanza kwa Kijaluo, kwa ndugu zake. Kisha akageukia Kiswahili.

"Nilikuja siku moja kumsalimia Zadok kazini," alisema, bila kipaza sauti. "Nimetoka Rorya, sijamwona mwaka mzima. Nikakohoa kidogo. Akanifukuza." "Mimi kaka yake mkubwa, akanifukuza kwa sababu ya jiwe. Nilikasirika sana. Nyamazeni."

Spika ikazimwa. Jenereta likakohoa likafa. Wanawake jikoni wakaondoa mikono kwenye masufuria. Waliokuwa wakilia walijifunga midomo kwa khanga. Ukimya ukashuka mlimani nyumba kwa nyumba, maana watu wa chini waliona wa juu wamenyamaza nao wakanyamaza bila kujua sababu. Mwenye duka akazima redio. Madereva wa bodaboda kijiweni wakazima injini, wakashuka, wakasimama kando ya pikipiki zao. Mtoto mmoja akaanza kulia akatulizwa kwa titi. Mlima wote ule, wenye kelele mchana na usiku, ulinyamaza mpaka likasikika ziwa kule chini linavyopiga mawe ya ufukweni, sauti ambayo wakazi wengi wa pale hawakujua kwamba inafika huko juu. Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kuusikia mtaa wake ukiwa hivyo, na baadhi yao bado wanaizungumzia saa ile kama ndiyo ibada yenyewe.

Gladness akashuka shimoni, akalala, akaweka shavu.

Hakusikia kitu ila moyo wake. Woga wa kweli ukamwingia. Akafumba macho akasubiri moyo utulie, na ulipotulia akaanza kusikia kabari zenyewe, kila moja jinsi ilivyokaa, jinsi inavyosukuma. Zilizokuwa upande wa mlango zilisukuma sawasawa. Ile ya mwisho, karibu na kona ya nyumba, ilikuwa inasukuma kwa choyo, inataka kuuvuta ufa uende kwake, uingie chini ya msingi. Hakuna aliyemwambia. Akainuka, akailegeza kwa pigo moja la ubavuni, akaenda upande wa pili akaongeza pigo moja jepesi, kisha jingine. Akaweka nyundo chini. Akavua kilemba chake cha kichwani, akalala tena.

Ikaja. Mbali sana, ndani sana, punje za mchele.

Zikaongezeka. Zikasogea zikitoka upande wa mlango, zikapita chini ya shavu lake, zikapita mbele ya ukuta bila kuugusa, zikafika kwenye kona, na hapo zikasita kiasi kwamba Gladness alisahau kuvuta pumzi. Halafu mwamba ukashusha pumzi ndefu. Ufa ukatokea juu ya mstari wake, mwembamba kama uzi, ukapanuka ukawa wa kupitisha kiganja. Ukuta wa nyumba ulikuwa umesimama, hata plasta haikuwa na mchubuko. Na ndani ya ufa kulikuwa na ile rangi nyekundu ya mbali, safi, yenye vimulimuli, ambayo hakuna jicho lililokuwa limewahi kuiona.

Hakuna aliyesogea. Mlima wote ulikuwa bado umenyamaza.

Gladness naye alikuwa anangoja. Miaka yote ile, mwamba ukishafunguka, kulikuwa na neno moja lililotangulia maneno yote, na kabla halijasemwa hakuna fundi aliyeruhusiwa kugusa kitu wala kutia neno lake. Zadok ndiye aliyelisema. Hata alipokuwa chini kwenye kigoda, alilisema, nao wakalingoja lipande. Gladness akageuza kichwa kutazama nyuma, bega la kushoto, mahali alipozoea kusimama mzee. Palikuwa na kiti cha plastiki, na juu yake Mzee Okeyo, ameinama mbele, macho yamemtoka.

"Mwanangu," mzee akauliza kwa kunong'ona, "imekuwaje?"

Akawatazama wote. Mama Favour mlangoni, khanga mdomoni. Kija amesimama na mikono mitupu. Mchungaji, wanakwaya, dereva wa gari la ukoo, watu waliojaa mpaka barabarani, kila uso umemgeukia. Hawakujua. Walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwenye jiwe na hawakuwa wamesikia lolote. Katika mlima mzima hakuna aliyesikia isipokuwa yeye, na mwingine ambaye angesikia alikuwa amelala sebuleni. Hapo ndipo Gladness Masalu alipoelewa kwamba Zadok Agutu amekufa.

"Limekubali," akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe.

Kisha akakaa pale pale juu ya jiwe, akalia kwa sauti kubwa, na mlima wote ukampokea.